Hati ya Shamba: Habari za Watumwa wa Marekani Baada ya Kupewa Uhuru

Saa mbili za usiku, tarehe 12 Januari 1865, watu weusi ishirini waliingia katika nyumba ya tajiri mmoja katika mji wa Savannah, ulio pwani ya Georgia katika Marekani. Wote walikuwa wahubiri na wazee wa makanisa. Wengine wao walizaliwa huru. Wengine walikuwa wameuonja uhuru kwa majuma matatu tu, tangu siku ile majeshi ya Kaskazini yalipouteka mji. Waliowangoja ndani ni Jemadari William Sherman, mkuu wa majeshi hayo, na Bwana Edwin Stanton, Waziri wa Vita, aliyekuja kwa meli kutoka Washington. Katika nyumba kama ile mtu mweusi alizoea kuingia kwa mlango wa nyuma, tena kwa kutumwa. Usiku ule waliitwa kuulizwa shauri, na majibu yao yakaandikwa, ndiyo sababu twayajua hata leo.

Yafaa kwanza msomaji aelewe yaliyotangulia. Katika miaka ya 1860 na 1861 majimbo kumi na moja ya Kusini, ambayo utajiri wake ulitoka katika pamba, mpunga na miwa iliyolimwa na watumwa, yalijitenga na nchi ya Marekani. Watumwa walikuwa yapata milioni nne. Vita vilidumu miaka minne, na zaidi ya watu 600,000 walikufa. Tarehe 1 Januari 1863 Rais Abraham Lincoln alitangaza ya kuwa watumwa wote katika nchi za waasi ni huru. Walakini tangazo halikuwa na nguvu ila mahali ambapo jeshi lilifika. Jemadari Sherman alipopita Georgia akiteketeza mali za adui, maelfu ya watumwa walimfuata nyuma, wanawake wenye watoto mgongoni na wazee wenye fimbo. Mwezi wa Desemba 1864, kwenye mto uitwao Ebenezer Creek, mkuu mmoja wa jeshi lake aliliondoa daraja baada ya askari kuvuka, akawaacha watu wale upande wa pili, na farasi wa adui nyuma yao. Wengi walijitupa majini wakafa. Habari ile ilifika Washington, na hapana shaka ni mojawapo ya mambo yaliyomleta Waziri Savannah.

Msemaji wa wale ishirini alikuwa Garrison Frazier, mhubiri wa Kibatisti mwenye umri wa miaka 67. Miaka minane nyuma alikuwa bado mtumwa. Alijinunua yeye na mkewe kwa dola 1,000 za dhahabu na fedha. Mtu kama huyu hakuhitaji kufundishwa maana ya uhuru, maana aliijua bei yake. Alipoulizwa, alijibu ya kuwa utumwa ni kuchukua kazi ya mtu mwingine kwa nguvu, bila ridhaa yake. Na uhuru ni kuondolewa katika kongwa hilo na kuwekwa mahali ambapo mtu aweza kuvuna matunda ya kazi yake mwenyewe. Akaulizwa, Basi mtawezaje kujitunza? Akajibu: Kwa kupata ardhi, na kuilima kwa mikono yetu, hata tuweze kuinunua. Wakaulizwa kama wataka kukaa kati ya wazungu au peke yao. Frazier akasema peke yao, kwa maana chuki ya Kusini haitaisha upesi. Mmoja tu, James Lynch, kijana aliyezaliwa huru huko Baltimore, alipinga akasema wasitengwe. Wengine wote wakawa pamoja na mzee.

Siku nne baadaye Jemadari Sherman akatoa Amri Namba 15. Visiwa vyote kuanzia Charleston kwenda kusini, na mashamba ya mpunga yaliyoachwa kando ya mito hata maili 30 kutoka baharini, mpaka mto wa St. Johns katika Florida, vitengwe kwa ajili ya mahuru, yaani watumwa waliofunguliwa. Kila jamaa ipewe isiyozidi ekari 40 za kulima. Haikupita miezi sita watu wapatao 40,000 wakawa wamekaa katika ekari 400,000, wakipanda mahindi, viazi na pamba. Lakini hebu tuitazame amri yenyewe kwa makini, kama wakili aitazamavyo. Karatasi waliyopewa ilikuwa cheti cha kukaa, tena mpaka hapo Kongresi, ndilo baraza kuu la kutunga sheria, itakapoamua habari zao. Haikuwa hati ya kumiliki. Jemadari alitoa alichoweza kutoa, nacho hakikuwa kingi. Yeye mwenyewe alitaka hasa kulipunguzia jeshi lake msafara wa watu wenye njaa.

Vita vikaisha mwezi wa Aprili. Siku chache baadaye Rais Lincoln akapigwa risasi katika jumba la michezo, akafa tarehe 15 Aprili 1865, na mahali pake akaingia Makamu wake, Andrew Johnson wa Tennessee. Mtu huyu alikuwa fundi cherehani, tena maskini wa asili, ambaye hakupata kwenda shule hata siku moja. Watu wengi walitumaini ya kuwa atawatendea kwa ukali matajiri wa mashamba, kwa kuwa aliwachukia tangu ujana wake. Lakini aliyewachukia zaidi ni wale walio chini yake. Tarehe 29 Mei alitoa msamaha kwa waasi, akaahidi kuwarudishia mali zao zote isipokuwa watumwa. Wenye mali ya kupita dola 20,000 walitakiwa kuomba msamaha kila mtu kwa jina lake, nao wakaja Washington kwa maelfu, wakajaza vyumba vya Ikulu. Na yule fundi cherehani akapendezwa kuona mabwana wakubwa wakimsujudia. Akawasamehe. Na kila aliyesamehewa alirudi kwao akiwa na karatasi mkononi, akadai shamba lake.

Sasa karatasi mbili zilikuwa zimekutana juu ya ardhi moja. Aliyepewa kazi ya kuwaambia watu habari hiyo ni Jemadari Oliver Otis Howard, mkuu wa idara iliyoundwa na Kongresi mwezi wa Machi 1865 kuwatunza mahuru. Alikuwa mcha Mungu, mwenye huruma, aliyepoteza mkono wake wa kulia vitani. Mwanzo alijaribu kuizuia amri ya Rais, akawaandikia wasaidizi wake ya kuwa msamaha haugusi ardhi iliyokwisha kugawiwa. Rais akaifuta barua yake, akamlazimisha kutoa nyingine. Ndipo mwezi wa Oktoba 1865 Howard akasafiri mwenyewe mpaka kisiwa cha Edisto katika Karolina ya Kusini, akawakuta watu wamejaa kanisani, zaidi ya elfu wakimngoja.

Howard aliyaandika baadaye mambo ya siku ile. Alijaribu kusema, na makelele ya huzuni yakamzidi, hakusikika. Ndipo mama mmoja akaanzisha wimbo wa taabu, mmoja wa nyimbo zile walizoimba zamani za utumwa, na kanisa zima likamwitikia. Walipotulia akawaeleza ya kuwa mashamba yatarudi kwa wenyewe wa zamani, na kwamba wao yawapasa kufanya mapatano nao ya kulima kwa ujira. Akawaomba wawasamehe. Watu wakapiga kelele wakimwuliza kwa nini anawanyang'anya ardhi yao. Wakachagua kamati ya watu watatu, Henry Bram, Ishmael Moultrie na Yates Sampson, waandike majibu.

Barua waliyoiandika ingaliko. Kwa ufupi maana yake ni hii. Walisema wamekuwa waaminifu kwa serikali wakati mabwana wao walipokuwa adui zake. Sasa serikali yawapatanisha adui zake, na rafiki zake yawaacha bila mahali pa kuweka mguu. Walisema hawataki kupewa bure, wako tayari kulipa. Na juu ya neno la kusamehe walimjibu Howard kwa adabu, lakini bila kuficha. Wewe, walisema, ulipoteza mkono vitani, na labda waweza kuwasamehe. Lakini yule aliyenifunga mtini akanipiga viboko 39, aliyewavua nguo mama yangu na dada yangu akawapiga, na ambaye hata sasa hakubali nikae katika kibanda chake kitupu isipokuwa nimlimie kwa ujira autakao yeye, mtu huyo siwezi kumsamehe vema.

Huenda baadhi ya wasomaji wetu watashituka kusikia maneno hayo kutoka kwa watu wa kanisa. Nami nasema tuyapime kabla ya kuyahukumu. Aliyetakiwa kusamehe alitakiwa papo hapo atoke shambani; aliyesamehewa hakutakiwa kurudisha kitu chochote. Zakayo aliposhuka mtini alitaja mwenyewe fedha atakazorudisha, mara nne, kabla hajaombwa. Katika Edisto hakuna bwana aliyeshuka mtini. Waliombwa msamaha watu ambao hata deni lao halikukiriwa, na jemadari mwema ndiye aliyetumwa kuwaomba.

Jemadari Rufus Saxton, aliyesimamia mahuru wa visiwani na kuwatetea, akaondolewa kazini na Rais mwezi wa Januari 1866. Askari wakapita nyumba kwa nyumba: ama mtu atie alama yake katika mapatano ya kumlimia mwenye shamba, ama afungashe vyombo vyake. Kabla ya mwaka kwisha, sehemu kubwa ya ardhi ile ilikuwa imerudi.

Wakati huo huo mabaraza ya majimbo ya Kusini, yaliyojaa waasi waliosamehewa, yalikuwa yakitunga sheria za watu weusi peke yao. Katika Mississippi kila mtu mweusi alitakiwa, kila mwezi wa Januari, aonyeshe cheti cha kazi yake ya mwaka. Asiye nacho hutozwa faini kwa uzururaji, na asiyeweza kulipa hukodishwa kwa mzungu atakayemlipia. Wala hakuruhusiwa kukodi shamba nje ya miji. Katika Karolina ya Kusini mtu mweusi aliyetaka kuwa fundi seremala au mwenye duka, yaani kazi yoyote isiyo ya kulima au ya nyumbani, alilazimika kulipia leseni kila mwaka kati ya dola 10 na 100. Sisi wa pwani ya Afrika ya Mashariki si wageni wa jambo hili. Amri ya Sultani Hamud bin Muhammad ya Aprili 1897, iliyoondoa utumwa katika Unguja na Pemba, ilimtaka aliyepewa uhuru aonyeshe ya kuwa ana makao na njia ya kupata riziki, asije akahesabiwa mzururaji. Na mashamba ya mikarafuu yalibaki kwa mabwana. Bahari mbili zatutenga na Mississippi, lakini aliyeziandika sheria hizi aliogopa jambo lile lile: mtu huru mwenye shamba lake, asiyehitaji kumlimia mwingine.

Sheria zile ziliamsha hasira ya Kaskazini. Hapo ndipo yalipoanza mashindano makubwa kati ya Rais na Kongresi, ambayo walimu watayakuta kwa urefu katika vitabu vya historia, nami nitayapita upesi. Kongresi ilikataa kuwapokea wajumbe wa Kusini. Mwezi wa Machi 1866 ilipitisha sheria ya haki za raia, Rais akaikataa, ikapitishwa tena juu ya kichwa chake. Nyongeza ya 13 ya Katiba, iliyoondoa utumwa katika nchi nzima, ilikuwa imekwisha kukubaliwa Desemba 1865. Ikafuata ya 14, mwaka wa 1868, kwamba kila aliyezaliwa Marekani ni raia na wote watalindwa na sheria sawasawa. Kisha ya 15, mwaka wa 1870, kwamba mtu asinyimwe kura kwa sababu ya rangi yake au utumwa wake wa zamani. Sheria za Machi 1867 ziliyaweka majimbo kumi chini ya majemadari, zikaamuru katiba mpya zitungwe na wajumbe waliochaguliwa na watu weupe na weusi pamoja. Mwaka 1868 Rais Johnson mwenyewe akashitakiwa mbele ya Seneti. Waliosema ana hatia walikuwa 35, na waliosema hana 19; ilitakiwa theluthi mbili, akapona kwa sauti moja.

Walakini jambo moja Kongresi haikulipitisha, nalo ndilo lile mzee Frazier alilolitaja kwanza. Mjumbe mzee wa Pennsylvania, Thaddeus Stevens, alisema tangu 1865 ya kuwa mashamba makubwa ya waasi yatwaliwe, na kila jamaa ya mahuru ipewe ekari 40. Wenzake waliokuwa tayari kumpa mtu mweusi kura hawakuwa tayari kumpa shamba la mzungu; waliona mali ya mtu ni takatifu, nao walisahau kwamba wale mahuru nao juzi tu walihesabiwa mali. Stevens alifariki mwaka 1868, akazikwa kama alivyoagiza katika makaburi yaliyopokea watu wa rangi zote.

Kura, basi, wakaipata. Zaidi ya watu weusi 700,000 waliandikishwa katika majimbo yale kumi. Mkutano wa katiba wa Karolina ya Kusini, uliokutana Charleston mwezi wa Januari 1868, ulikuwa na wajumbe 124, na 76 kati yao walikuwa weusi, wengi wao watumwa wa jana. Walifanya nini? Waliweka shule za serikali kwa watoto wote, jambo ambalo jimbo lile halikuwa nalo. Waliondoa kifungo kwa ajili ya deni. Wakaanzisha idara ya kununua mashamba na kuyauza kwa watu wadogo kwa malipo ya muda, na hata mwaka wa 1876 jamaa za watu weusi zipatazo 14,000 zilikuwa zimewekwa katika ardhi hiyo. Mwezi wa Februari 1870 mhubiri Hiram Revels wa Mississippi akaketi katika Seneti ya Marekani, mtu mweusi wa kwanza kufanya hivyo.

Baina ya wajumbe wa Charleston alikuwamo Robert Smalls, na habari zake zafaa kusomwa na watoto. Alizaliwa mtumwa katika mji wa Beaufort. Wakati wa vita alikuwa mwongozaji wa meli ya waasi iitwayo Planter. Usiku mmoja wa Mei 1862, maofisa wa kizungu walipokuwa wamelala mjini, alimchukua mkewe na watoto na wenziwe, akavaa kofia ya nahodha, akaipitisha meli mbele ya ngome za Charleston akitoa ishara zilizopasa, hata akawafikia adui za bwana wake na kuwakabidhi. Wakati wa vita vile vile serikali iliuza kwa mnada nyumba ambazo wenyewe hawakulipa kodi. Smalls akainunua nyumba ya Beaufort iliyokuwa ya bwana wake. Huhadithiwa ya kuwa miaka ya baadaye mke wa bwana yule, mzee na akili zimepotea, alirudi akiidhani nyumba ni yake bado, na Smalls akampa chumba akae. Tazameni tofauti yake na Edisto: aliyesamehe hapa alikuwa amesimama ndani ya mlango wake.

Si kwamba serikali zile za Kusini hazikuwa na makosa. Rushwa ilikuwamo, na ile idara ya mashamba ya Karolina ya Kusini yenyewe iliibiwa na wakubwa wake mwanzoni. Vitabu vya shule vya Marekani vilitumia wizi huo kwa muda mrefu kufundisha kwamba watu weusi hawakufaa kutawala. Mwaka 1935 mtaalamu mweusi W. E. B. Du Bois alitoa kitabu kikubwa kuyakanusha maneno hayo kwa ushahidi. Siku hizo hizo za rushwa ya Kusini, wazungu wa mji wa New York walikuwa wakiibiwa mamilioni na wakubwa wao, wala hakuna aliyesema wazungu wanyang'anywe kura. Na hasara iliyowauma zaidi mahuru haikutoka kwa wajumbe wao. Ilitoka katika Benki ya Akiba ya Mahuru, iliyowekwa kwa sheria ya Kongresi mwaka 1865. Wafuaji wa nguo, wapagazi na vyama vya mazishi waliweka humo senti zao wakidhani serikali imezidhamini. Wakurugenzi wakazikopesha hovyo, na mwaka 1874 benki ikafungwa. Watu 61,000 wakapoteza karibu dola milioni tatu. Jamaa ngapi zilikuwa zikiweka akiba ile ili zinunue shamba?

Wasio na shamba walilima kwa nusu. Mwenye ardhi alitoa konde, mbegu na nyumbu, na mwisho wa mwaka mazao yakagawanywa. Kisha duka lilidai deni la unga na nguo, na daftari la deni lilikaa kwa mwenye duka. Mtu wa namna hiyo, akipiga kura asiyoipenda bwana, hutolewa nyumbani siku ile ile. Na waliothubutu, walikutana na nguvu. Chama cha siri cha Ku Klux Klan, kilichozaliwa Tennessee baada ya vita, kilitembea usiku kikiwa kimejifunika nyuso, kikipiga walimu, kikichoma shule na makanisa, kikiua wajumbe. Rais Ulysses Grant alipeleka askari mwaka 1871 katika wilaya tisa za Karolina ya Kusini, na kwa kitambo Klan ikavunjika. Lakini siku ya Pasaka ya mwaka 1873, katika Colfax, Louisiana, watu weusi waliokuwa wakilinda nyumba ya mahakama waliuawa kwa makumi, wengi baada ya kuweka silaha chini. Na Mahakama Kuu ilipoamua kesi ile mwaka 1876, waliohukumiwa waliachiliwa.

Kaskazini ilikuwa imechoka. Biashara zilikuwa zimeanguka tangu 1873, na watu walitaka kusikia habari nyingine. Uchaguzi wa Rais wa 1876 ulipogombaniwa, tume ya watu 15 ilimpa Rutherford Hayes ushindi kwa kura nane dhidi ya saba; na mwezi wa Aprili 1877 Hayes aliwaondoa askari waliolinda nyumba za serikali za Karolina ya Kusini na Louisiana. Mabwana wa zamani wakaingia.

Je, ardhi? Hapa twarudi visiwani, maana kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Si mbali na Edisto kiko kisiwa cha St. Helena. Majeshi ya Kaskazini yaliingia huko mapema, Novemba 1861, na wenye mashamba wakakimbia wakiacha watumwa wao. Kwa sheria ya kodi ya mwaka 1862 mashamba yao yaliuzwa kwa kuwa hawakulipa, na mahuru wengi walinunua humo vipande vya ekari kumi kumi, kwa dola moja na nusu kila ekari. Walipewa hati. Msamaha wa Rais ulipokuja, uliwanyang'anya watu wa Edisto waliokuwa na cheti cha jemadari, wa St. Helena haukuwagusa, kwa kuwa mali iliyokwisha kuuzwa haikurudishwa. Kongresi ikawaruhusu mwaka 1866 baadhi ya waliofukuzwa penye vyeti vya Sherman kununua ekari 20 katika ardhi hiyo ya kodi. Mwisho watoto wa mabwana wakaenda mahakamani kuzivunja hati, na kesi iliyofika Mahakama Kuu ilikuwa juu ya ile nyumba ya Robert Smalls ya Beaufort. Mwaka 1878 majaji wakaamua ya kuwa mnada ulikuwa halali. Smalls akakaa na nyumba yake, na maelfu ya wenye ekari kumi kumi wakakaa na konde zao.

Katika kisiwa hicho hicho mwalimu Laura Towne alifungua shule ya Penn mwaka 1862, akaifundisha mpaka kifo chake mwaka 1901. Darasa zake zilikuwa kwa muda ndani ya kanisa la matofali walilolijenga watumwa mwaka 1855, ambamo zamani hawakuruhusiwa kuketi ila roshanini. Walimu wa Kenya wana sababu ya kuzikumbuka shule za mahuru, kwani ile shule ya Jeanes iliyofunguliwa Kabete mwaka 1925 ilipata jina na njia zake kutoka kwa walimu waliozunguka katika shule za vijijini za watu weusi wa Kusini.

Mwaka 1895 Karolina ya Kusini iliita mkutano mwingine wa katiba, safari hii ili kuwanyang'anya watu weusi kura kwa mitihani ya kusoma na kwa hila nyingine. Wajumbe weusi walikuwa sita tu kati ya 160, na Smalls mmojawapo. Alisimama akajibu hoja zao siku baada ya siku, akashindwa kwa hesabu. Akakataa kutia sahihi yake, na alipotishwa kwamba hatapewa posho ya kurudi, alisema afadhali atembee kwa miguu mpaka kwao. Kura ile haikurudishwa kwa nguvu za sheria mpaka mwaka 1965.

Kanisa la matofali lingali limesimama, nalo tangu 2017 limo katika mahali palipohifadhiwa na serikali ya Marekani kwa ukumbusho wa miaka ile. Jamaa nyingi za St. Helena zingali zikikaa katika ardhi ya babu zao, ingawa shida yao sasa ni nyingine. Babu alikufa bila kuandika wosia, na shamba likawa la wajukuu wote pamoja, waliotawanyika mpaka New York. Mmoja akiuza fungu lake kwa mgeni, yule mgeni aweza kuiomba mahakama iuze shamba zima kwa mnada. Katika Charleston kuna ofisi ya mawakili, iliyofunguliwa mwaka 2005, ambayo kazi yake ni kuwakusanya warithi wa shamba moja, kuandika majina yao yote, na kuwatengenezea hati.